‘Ingia Ndani Mahususi’: Istilahi iliyosahau ngeli ya mahali

MHADHIRI mmoja kijana alinipigia simu mwanzoni mwa muhula huu, na hakuanza kwa kunijulia hali kama ilivyo ada yake. “Prof,” akasema, “ile neno yenu ya ‘ruka’ imetuchoma.”

Sarufi ni yake, msomaji, nami nainukuu ilivyotoka. Kilichonichoma mimi ni hiyo “yenu”. Ni kweli, neno lilikuwa letu. Binti huyo hufunza uandishi wa programu za kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi, na mwaka jana aliandaa mwongozo wa maabara kwa Kiswahili, kurasa 38, unaomwonyesha mwanafunzi jinsi ya kusaka kosa ndani ya programu inayotoa majibu yasiyo sahihi. Alinitumia orodha ya istilahi niipitie. Niliipitia jioni moja, nikarekebisha viambishi, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikaipa baraka zangu. Sikuwahi kuuliza maneno yale yanauelekeza mkono wa mtu ufanye nini. Makala haya ni uhakiki wa orodha hiyo, na kwa kiasi kikubwa ni uhakiki wa yule aliyeipitisha.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaosoma safu hii hatujawahi kuandika programu hata moja. Programu haiandikwi kama insha ndefu isiyo na aya. Hugawanywa katika vijisehemu, kila kimoja kikiwa na jina lake na kazi yake, na kijisehemu kimoja huweza kukiita kingine kifanye kazi fulani kisha kirudishe jibu. Watengenezaji programu wetu hukiita kijisehemu hicho fankisheni, nami sina ugomvi na neno hilo. Limeshaingia nyumbani na kukalishwa. Kitendo cha kuiita fankisheni tukiite mwito. Sasa chukua mfano uliokuwa katika mwongozo wenyewe, wa programu ya shule inayowakumbusha wazazi karo kwa ujumbe wa simu. Mstari mmoja ulisema hivi:

tuma(andaa(tafutaMzazi(mwanafunzi)))

Yaani, tafuta nambari ya mzazi wa mwanafunzi huyu, andaa ujumbe wenye salio lake la karo, kisha utume. Hapo pana miito mitatu katika mstari mmoja, kila mmoja umemezwa na mwenzake, kama sufuria zinavyopangwa dukani, ndogo ndani ya kubwa.

Programu ya kusakia makosa humruhusu mtu kuisimamisha kazi kwenye mstari autakao, akachungulia yaliyomo, kisha akaendelea polepole, mstari baada ya mstari. Hapo ndipo zinapokuja amri za kutembea. Katika Visual Studio ya kampuni ya Microsoft, kitufe cha F11 ni “Step Into”: mstari ukiwa na mwito, unaingia ndani ya fankisheni iliyoitwa na kusimama mwanzoni mwake. F10 ni “Step Over”: fankisheni inaitwa, inafanya kazi yake yote hadi mwisho, nawe unaibukia mstari unaofuata bila kuyaona ya ndani. Ukishikilia Shift ukabonyeza F11 ni “Step Out”: wewe uliye ndani unaiacha fankisheni imalize yaliyobaki, kisha unasimama tena pale ilipoitwa.

Hebu irudie hiyo ya pili: inafanya kazi yake yote. Mwongozo wetu ulisema F10 ni “Ruka”.

Darasani, siku ya siku, kosa lililokuwa likisakwa lilikuwa la hesabu. Salio la karo lilitoka na tarakimu za ajabu. Wanafunzi wakaambiwa waisimamishe programu kwenye ule mstari, kisha wachunguze. Baadhi yao wakawaza kama ambavyo Mswahili yeyote angewaza: ujumbe wenye kosa usiende, basi tuuruke mstari huu kwanza. Wakabonyeza F10. Miito yote mitatu ikafanya kazi yake, wa kutuma ukiwemo. Nambari zilizokuwa kwenye faili ya majaribio, kwa uzembe ambao mhadhiri mwenyewe anaukubali, zilikuwa za watu wa kweli. Kabla ya chai ya saa nne mzazi mmoja aliyekwisha kulipa kila senti alikuwa kwenye simu akitaka kujua deni la mamia ya maelfu ya shilingi limetoka wapi.

Tulitazame neno lenyewe. Mtoto akiruka dimbwi, hakulikanyaga. Mtahiniwa akiruka swali, hakulijibu. Ukirukwa kwenye foleni, hukuhudumiwa. Katika matumizi yote hayo, kilichorukwa hakikuguswa, na hiyo ndiyo maana ambayo wanafunzi wale waliifuata kwa uaminifu. Waliisoma lugha yao sawasawa. Sisi ndio tulioiandika vibaya. Nilipoona neno “Over” kwenye orodha ya Kiingereza niliona mguu ukipita juu ya kitu, nikatafuta kitenzi cha mguu. Nilitafsiri picha nikakisahau kitendo.

Ajabu ni kwamba picha hiyo huwatatiza hata wenye Kiingereza chao. Anayeanza kujifunza huuliza mara nyingi kama “Step Over” inaiacha fankisheni bila kuitekeleza, na inabidi aambiwe la. Lakini mtego huo ni wao, wameuzoea. Sisi tulikuwa na fursa ya kuanza upya, tukaenda kuuazima mtego pamoja na mguu ulionaswa ndani yake. Na hata katika Kiingereza kulikuwa na njia nyingine. Katika gdb, programu ya kusakia makosa ya mradi wa GNU ambayo amri zake huandikwa kwa kibodi, maneno yanayotumika ni “step”, “next” na “finish”. La kwanza ni hatua. La pili ni kile kinachofuata. La tatu ni kumaliza. Hapo hakuna kinachorukwa. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na mapokeo mawili, nasi tukachagua lile lenye mtego kwa sababu hatukujua kwamba liko jingine. Mtu anayepitisha istilahi za fani asiyoijua huwa hivyo. Anaona menyu moja akidhani ameona lugha nzima ya fani.

“Sasa wewe ungeiitaje?” nilimuuliza yule binti.

“Subiri nje,” akajibu papo hapo.

Nikamtaka aeleze. Akasema: “Ukienda na mamako kwa ofisi ya chifu, yeye anaingia, wewe unaambiwa subiri nje. Kazi inafanywa. Hujaiona, lakini imefanywa. Akitoka mnaenda.”

Nimekaa katika kamati za istilahi kwa miaka mingi, na sidhani kuna hata moja ambayo ingelifikia hilo. Tungetafuta nomino. Tungesema “upitaji-juu” au balaa nyingine ya namna hiyo. “Subiri Nje” ni amri, kama amri zote za menyu zinavyopaswa kuwa. Inamweka mtu mahali pake, nje ya mlango. Na inakiri kwamba ndani kuna kazi inayoendelea. Mwanafunzi aliyeambiwa “Subiri Nje” mbele ya mwito wa kutuma ujumbe hawezi kujidanganya kwamba ujumbe hautakwenda.

Kosa la pili katika orodha halikumpandisha mzazi yeyote shinikizo la damu, ila kitaaluma naliona ni baya zaidi, kwa sababu hapo nilikuwa katika uwanja wangu mwenyewe.

Rudi kwenye ule mstari wa karo. Umesimama hapo, unataka kuingia ndani. Ukibonyeza F11, utaingia wapi? Wengi hudhani wataingia tuma, kwa kuwa ndiyo inayosomeka kwanza. Sivyo. Utaingia tafutaMzazi, ile ya ndani kabisa, kwa kuwa ndiyo inayotangulia kufanya kazi. Fankisheni ya tuma haiwezi kuanza kabla haijapewa ujumbe na andaa, na andaa haiwezi kuanza kabla haijajulishwa mzazi ni nani. Msomaji aliyewahi kuchanganua sentensi kwa matawi katika shule ya upili anaijua hali hii. “Mwalimu aliyemtuma mtoto aliyechelewa amerudi.” Kitenzi kikuu ni “amerudi”, lakini ili umjue aliyerudi lazima kwanza umpate aliyemtuma mtoto, na ili umjue huyo mtoto lazima uutatue uchelewaji wake. Kishazi cha ndani hulipwa kwanza.

Kosa letu la hesabu lilikuwa katika andaa, ile ya katikati. Mwanafunzi anayetegemea F11 peke yake itambidi aingie tafutaMzazi ambayo hana shida nayo, atoke, kisha aingie tena. Kwa miito mitatu hiyo ni kero ndogo tu. Katika programu za kazi, mstari mmoja waweza kuwa na miito mingi zaidi, na mingine inakwenda kwenye maktaba zilizoandikwa na watu wengine kabisa. Mtu huingia, hutoka, huingia, hutoka, na mkono ukishazoea mdundo huo hubonyeza mara moja ya ziada. Mlango aliokuwa akiutafuta unapita, na programu hairudi nyuma kwa kubembelezwa. Inabidi aanze upya.

Ndiyo sababu Visual Studio ina amri ya nne, iliyofichwa kwenye menyu inayotokea ukibonyeza kipanya upande wa kulia: “Step Into Specific”. Ukiifungua unaona orodha ya miito iliyo katika mstari, unachagua mmoja, nawe unapelekwa moja kwa moja ndani yake. IntelliJ IDEA ya kampuni ya JetBrains ina kifaa kama hicho, nacho huikoleza miito kwenye mstari wenyewe ili uuchague unaoutaka. Wale wa gdb wana njia ya kinyume pia: unaitajia programu fankisheni ambazo hutaki kuziingia kamwe, nayo inakuwa ikizipita kila ikikutana nazo.

Lakini hapa pana jambo ambalo istilahi lazima ilichunge. Kuchagua andaa hakuifuti tafutaMzazi. Bado itatangulia, bado itafanya kazi yake, na ikivunjika njiani huenda usifike andaa kabisa. Ulichochagua ni mahali pa jicho lako kusimama. Mpangilio wa kazi haukubadilika. Tafsiri yoyote itakayomfanya mwanafunzi afikiri ameamuru mwito mmoja tu utekelezwe itakuwa imerudia dhambi ya “ruka”.

Mwongozo ulisema “Ingia Ndani Mahususi”.

Lisome kwa sauti. Mahususi nini? Kiingereza cha menyu huruhusu kivumishi kiachwe kimening’inia bila nomino, na msomaji wake akajijazia. Kiswahili hakina uvumilivu huo. Kivumishi chetu hudai nomino, na kikishaipata huvaa sare yake. Tatizo ni kwamba “mahususi”, kama “hodari”, “bora”, “safi” na “ghali”, ni miongoni mwa vivumishi visivyovaa sare ya ngeli yoyote. Kwa hiyo kosa lilijificha. Jaribu kuweka kivumishi cha Kibantu mahali pale uone. “Ingia ndani -ingine”: utaandika mwingine, nyingine, pengine, kwingine? Huwezi kuandika hata herufi moja kabla ya kuamua kinachoingiwa ni nini. Ni mwito, wa ngeli ya U-I? Ni fankisheni, ya ngeli ya I-ZI? Au ni mahali? Lugha ingetulazimisha kulijibu swali ambalo hatukulijibu, na “mahususi” likatupa kichochoro cha kutorokea. Nimewafunza wanafunzi wangu kwa miongo kadhaa kwamba upatanisho wa kisarufi si urembo, ni ukaguzi. Halafu nikapitisha kirai ambacho kimekwepa ukaguzi mchana kweupe.

Matokeo yake hayakuwa ya kushangaza. Mwanafunzi mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba “Ingia Ndani Mahususi” ni sehemu ya mipangilio maalumu ya programu. Mwingine alidhani ni ya wataalamu pekee, asije akaharibu kitu. Hakuna hata mmoja aliyeitumia, na wote wakaendelea kupiga F11 kama watu wanaobisha hodi kila nyumba mtaani wakimtafuta mtu mmoja.

Na dawa ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kitabu cha Kidato cha Kwanza. Sote tulifunzwa ngeli ya PAKUMU. PA ni mahali palipo dhahiri, panapoonyeshwa kwa kidole. KU ni mahali kwa ujumla, kusikodhihirika. MU ni ndani. Tena vitabu vingi vya shule vinapoieleza PA hulitumia neno hilohilo, “mahali mahususi”. Yaani tofauti ambayo Kiingereza kililazimika kuiundia menyu kwa kubandika neno zima, sarufi yetu inaibeba katika silabi moja. Kisha vipo viashiria: hapa, hapo, pale, huku, huko, kule, humu, humo, mle. Mtu amesimama mbele ya orodha ya miito, ameelekeza kipanya kwenye mmoja. Tumwambie nini? “Ingia Humo.” Maneno mawili. “Ingia” ni kitendo. MU ni ndani. Na ile “o” ya mwisho inarejelea kile ulichokwisha kukionyesha. Humo ulimochagua. Haimwahidi kwamba vingine havitatekelezwa. Inamwambia jicho liende wapi.

Niliufurahia uvumbuzi wangu kwa muda wa siku mbili. Kisha nikauwasilisha.

“Humo?” binti akacheka. “Prof, kwani nani anasema humo?”

Nikamwambia mimi nasema. Akanyamaza kwa heshima, na kunyamaza huko kulinikera kuliko kicheko. Ndipo nikaomba niende nikakae maabarani kwake Alhamisi moja, kitu nilichopaswa kukifanya kabla ya kuitia sahihi ile orodha.

Nilikaa nyuma, karibu na dirisha, saa mbili nzima. Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili, mmoja akishika kipanya, mwingine akielekeza. Kwenye vioo vyao kila menyu ilikuwa ya Kiingereza, na mwongozo mezani ulikuwa wetu, lakini walichokuwa wakiambiana hakikutoka kwenye menyu wala kwenye mwongozo. “Ingia hapo kwa andaa. Usiingie hiyo ya kwanza.” “Iache imalize.” “Sasa rudi, rudi kwa ile ilikuita.” Kijana mmoja alisema “step-in hapo ndani”, mwenzake akamwelewa vizuri tu. Niliandika kila nililolisikia. Tofauti zote ambazo mimi na kamati zangu tungezitafutia istilahi walikuwa tayari wakizifanya: kuingia, kuacha imalize, kurudi, na kuchagua mlango mmoja kati ya mitatu. Na katika saa hizo mbili sikusikia “humo” hata mara moja. Nilisikia “hapo” na “hapo ndani” mara nyingi.

Wanaofuatilia Kiswahili kinachozungumzwa bara watalitambua jambo hili. MU inanyauka. Watu husema “kwa nyumba” badala ya “nyumbani”, “kwa gari” wakimaanisha garini, na wakitaka kuutilia mkazo undani wenyewe husema “ndani ya”. Nimeyasikia hayo katika kumbi za mihadhara, tena kutoka kwa watu wanaosomea lugha. Mzaliwa wa pwani bado ana mumo-kwa-mumo na mle mwake. Wengine wetu tumebaki na hapa na hapo. Kwa hiyo swali la “Ingia Humo” au “Ingia Hapo” si la kompyuta pekee. Je, istilahi ikiokoe kipashio kinachozama, au ikifuate kinywa kilipo?

Moyo wangu uko na “humo”, sitaficha. Istilahi zetu zilizofaulu ni zile zilizochimbwa ndani ya lugha. “Pakua” lilitoka jikoni, kwenye chungu na mwiko, likabeba kazi ya kuleta faili kutoka mtandaoni bila kulalamika. “Kivinjari” kilitoka kwa mabaharia waliokuwa wakivinjari pwani. Maneno hayo hayakuombwa ruhusa na Kiingereza. Lakini angalia: watu walikuwa bado wanapakua chakula neno lilipochukuliwa. Lilikuwa hai. “Humo” kwa mwanafunzi wa Kakamega au Nyeri ni kitu alichokariri kwa ajili ya mtihani. Nikimwekea neno ambalo halihisi, nitakuwa nimefanya lile lile nililolifanya kwa “mahususi”: nimemfurahisha mhakiki nikamwacha mtumiaji mlangoni. Hoja hii nimeigeuza mara nyingi na kila mara inanielemea.

Mwenzangu mmoja idarani ana suluhisho rahisi: acheni Kiingereza kilivyo. Vitufe ni F10 na F11, anasema, na vidole havisomi. Ni kweli kwamba Visual Studio haina menyu za Kiswahili, na hatudai ziwepo kesho. Ila nilichokishuhudia maabarani ni kwamba kazi ya kusaka kosa hufanywa kwa kuelezana. Anayeshika kipanya haelekezwi na kitufe, anaelekezwa na mwenzake. Maelezo hayo yako katika Kiswahili tayari, tena Kiswahili cha kufikiria, si cha kutafsiria. Mwongozo ukiwa na neno baya unayavuruga. Wale waliotuma ujumbe wa deni hawakuvurugwa na Kiingereza, walivurugwa na sisi.

Orodha ina mengine ambayo nitayapitia haraka. “Step Out” tuliita “Toka”. Hilo lina shida mbili: katika programu nyingi “toka” ndilo neno la kufunga akaunti, na wanafunzi kadhaa waliogopa kulifuata wasije wakapoteza kazi yao, pili, likisemwa kwa ukali kidogo ni neno la kumfukuza mbwa. “Rudi” peke yake lingewafanya wafikiri wanarudi nyuma na kufuta yaliyotendeka. Tumekubaliana juu ya “Maliza Urudi”, na hapa hali yetu ya dhamira tegemezi imefanya kazi safi: maliza kwanza, kurudi kunafuata.

Kuhusu zoezi zima la kusaka makosa, rasimu ya awali ilisema “kuondoa wadudu”. Hilo nililikataa tangu mwanzo na silijutii. Kiingereza kina historia yake. Tarehe 9 Septemba 1947 waliokuwa wakiendesha mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo ndani yake, wakamgandisha kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo likaishia katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Walifanya hivyo kwa mzaha, kwa sababu neno “mdudu” lilikuwa likitumiwa na mafundi kwa maana ya hitilafu tangu enzi za Thomas Edison, mwaka 1878. Mzaha wao hauna nyumba kwetu. Ukimwambia mtu wa huku kwamba unaondoa wadudu kwenye kompyuta atakuletea dawa ya kupuliza. Sisi tuna “kutatua”. Kilichotatizika kinatatuliwa, kama kilichofungwa kinavyofunguliwa na kilichokunjwa kinavyokunjuliwa. Kauli ya kutendua inafanya kazi yote ambayo Kiingereza kinaibebesha kiambishi awali, na uzi uliotatizika ni picha ya kweli zaidi ya programu yenye kosa kuliko mdudu aliyeingia kutoka nje. Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa mashine ya EDSAC huko Cambridge, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi ilivyomjia ghafla mwaka 1949 kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingeishia katika kusaka makosa ya programu zake mwenyewe. Zake mwenyewe, hakumtaja mdudu yeyote.

Wiki iliyopita binti alinitumia rasimu mpya. F11 ni “Ingia”. F10 ni “Subiri Nje”, na chini yake ameweka kwa herufi nzito kwamba kazi ya ndani inatekelezwa yote. Shift na F11 ni “Maliza Urudi”. Ile ya nne ameiandika “Ingia Hapo”, na mfano wake ni mstari uleule wa karo, mshale ukielekezwa kwenye andaa. Nimeirudisha nikiwa nimeizungushia “hapo” kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika “humo” na alama ya kuuliza. Hajanijibu bado. Nambari za wazazi, ameniambia, amezifuta.